KUSOMESHA: KITENZI NA MLIPAJI WAKE

Mzazi wa Themi akisema kuwa amesomesha watoto watatu hadi chuo kikuu, hapana mtu katika mji wa Arusha atakayemdhania kuwa ni mwalimu. Yamkini mzazi huyo hakupita darasa la saba, na hesabu za mwanawe wa mwisho hazijui. Alichofanya ni kulipa. Na mwalimu wa shule ya jirani akisema kuwa anasomesha darasa la tano, amesema kweli kwa kitenzi kile kile, ilhali hakutoa hata senti moja. Maana hizo mbili zimekaa nyumba moja kwa muda mrefu bila kugombana, na wenye lugha hawaoni haja ya kuzitenga kwa mlango.

Kwa sarufi jambo hili ni jepesi. Soma hupata kiambishi cha kusababisha likawa somesha, kama cheka linavyokuwa chekesha na enda likawa endesha. Kiambishi husema kuwa yuko mtu aliyesababisha tendo. Hakisemi alisababisha kwa njia gani. Mmoja husababisha kwa chaki, mwingine kwa gunia la kahawa. Walakini mwenye kusikiliza kwa makini ataona kuwa katika mazungumzo ya watu wazima, hasa kitenzi kikifuatwa na idadi ya watoto, maana ya kulipa ndiyo itanguliayo, na ile ya kufundisha huhitaji kuelezwa kwa kutaja darasa au somo. Lugha imempa mlipaji cheo cha mtenda. Ndivyo ilivyofanya kwa nyumba pia: husemwa kuwa fulani amejenga Njiro, hata kama tofali hakulishika, na fundi aliyejenga kwa mikono yake hatajwi. Tofauti ni kwamba katika kujenga fundi amepotea, na katika kusomesha mwalimu na mlipaji wamebaki wote wawili.

Kitenzi hiki ni kipimo kizuri cha kupimia maandishi ya Kiswahili juu ya chuo kikuu. Wahakiki wamekwisha kuandika mengi juu ya msomi katika fasihi: majivuno yake, upweke wake, na jinsi anavyoshindwa kukaa tena na watu wa kwao. Ni machache yaliyoulizwa juu ya yule aliyemsomesha. Nani ametajwa kuwa mlipaji, ametajwa kwa neno gani, na ni mahali gani ameondolewa katika sentensi? Maswali hayo yanafaa kuulizwa katika Azimio la Arusha, katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, na katika lugha ya fomu za mkopo, ambayo kwa wingi wa wasomaji wake huenda imeipita riwaya yo yote.

Wala si bure kuanzia Themi. Mto wenye jina hilo hushuka kutoka Mlima Meru ukapita katikati ya mji wa Arusha, na kando yake ilifunguliwa Shule ya Arusha mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Wenyeji wa mlimani walipata elimu yao kwa njia nyingine, kwa wamisioni wa Kilutheri waliotoka Leipzig. Wawili wa kwanza waliuawa Akeri mwaka 1896. Wenzao walirudi baadaye wakafungua kituo Nkoaranga. Kwa watu wa kizazi kile kusoma kulikuwa kuingia dini kwanza, na kujua herufi baadaye. Aliyemsomesha mtu alikuwa mchungaji, na malipo hayakuwa jambo la kuzungumzwa sana. Kahawa ndiyo iliyobadili mambo. Mkulima aliyekuwa na mibuni aliweza kumpeleka mtoto shule ya mbali, na tangu hapo kusomesha kukapata uzito wa shilingi. Mwenye kuyajua maisha ya mlimani aijua pia taabu yake: ada hudaiwa siku moja na kwa jumla, bali kahawa ya ushirika hulipwa vipande vipande, malipo ya awali kwanza na mabaki baadaye, na bei hupangwa mahali ambapo mbuni haujapata kuota.

Mlima huo huo ulishuhudia, mwaka 1951, serikali ya kikoloni ikiwaondoa watu wapatao 3,000 huko Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Wameru walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Safari ile haikuwa ya masomo. Yaletwa hapa kwa sababu ya umbo lake: wengi walitoa kidogo kidogo, mmoja akaenda mbali, na waliobaki wakangoja jibu. Kitenzi cha waliobaki ni kuchanga, na kitenzi cha safari ni kutuma. Mtu aliyetumwa hadaiwi fedha na waliomtuma. Adaiwa kurudi na maneno. Vitenzi hivyo viwili yafaa vishikwe, kwa kuwa vitaonekana tena vikiwa vimevaa nguo nyingine.

Umbo hilo lilitokea katika maneno ya Mwalimu Nyerere mwaka 1964, alipokuwa akieleza wajibu wa wale waliopata elimu. Aliwafananisha na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichokuwapo ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na chakula kwa wenzake. Naye akila asirudi, ni msaliti. Mfano huo umerudiwa mara nyingi mno hata umekuwa kama sarafu iliyofutika maandishi, na kwa hiyo ni vema usomwe tena kama kazi ya maneno. Nguvu yake iko katika chakula. Fedha ikitolewa kwa mmoja, msikilizaji aweza kudhani kuwa ipo nyingine mahali. Chakula kilicholiwa na mmoja hakikuliwa na mwingine, na hilo hata mtoto alijua. Mlipaji ametajwa, naye ni kijiji. Hapana aliyetia sahihi. Deni lenyewe hulipwa kwa kitu kile kile kilichotolewa, yaani chakula kwa chakula, wala si kwa thamani yake.

Lakini mfano una mahali ulipokaa kimya. Hauelezi msafiri alichaguliwaje. Katika kijiji cha kweli angechaguliwa kwa shauri la wazee. Katika Tanganyika ya miaka ile alichaguliwa na mtihani, na miongoni mwa waliotoa chakula walikuwamo wale walioshindwa mtihani huo huo. Mtu aliyeshindwa kwenda amlisha aliyeshinda, na mfano hausemi kama aliulizwa. Tena hauelezi njaa ya waliobaki ilikuwaje wakati wa kungoja. Mwandishi wa riwaya angeanzia hapo hapo.

Hesabu ya wasafiri ilikuwa ndogo kweli. Chuo kikuu cha nchi kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima cha Ubungo, na tangu hapo jina la Mlimani likakishika. (Yafurahisha kidogo kwamba mtu aliyezaliwa chini ya Meru, mlima upitao mita 4,500, husema bila kusita kuwa anakwenda Mlimani, naye anashuka hadi pwani.) Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa kilima hicho waliandamana hadi Ikulu wamevaa majoho yao, wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara kwa muda. Karibu 400 walifukuzwa wakarudishwa makwao, na Rais akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, tangu tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Jumba la Kaloleni walimokutana viongozi hao sasa ni makumbusho.

Kwa nathari tu, Azimio ni miongoni mwa maandishi bora ya Kiswahili ya karne ile. Sentensi zake ni fupi, hoja zapanda moja juu ya nyingine kama mtu apandaye ngazi, na neno fedha hurudiwa hata msomaji akachoka nalo, na kuchoka huko ndiko kulikokusudiwa. Wale wasemao kuwa Kiswahili cha siasa ni maneno ya kujaza kinywa hawajalisoma kwa utulivu. Mahali penye makali kuliko pote, kwa upande wa habari hii, ni pale linapoonya kuwa watu wa mijini waweza kuwanyonya watu wa mashamba, kwa kuwa vitu vya mijini hujengwa kwa mikopo ya nchi za nje na mikopo hiyo hulipwa kwa mazao ya mkulima. Hospitali kubwa zatajwa, barabara za lami zatajwa, kadhalika umeme, mabomba ya maji na hoteli. Chuo kikuu hakimo katika orodha hiyo.

Ukimya huo wastahili kuangaliwa, maana majoho ya Oktoba yalikuwa hayajasahauliwa. Yaweza kujibiwa kuwa habari ya elimu iliwekewa kijitabu chake, Elimu ya Kujitegemea, kilichotoka Machi mwaka ule ule. Jibu hilo ni la haki, lakini halitoshi. Katika kijitabu kile mwanafunzi atakiwa kushika jembe ili asijitenge na jamaa yake, na shule itakiwa kuwa shamba pia. Hilo ni jambo la tabia. Azimio lilikuwa likisema habari ya hesabu: nani alitumia, nani alilipa. Kama chuo kikuu kingewekwa baina ya lami na umeme, mkulima angetajwa kwa maandishi ya taifa kuwa ndiye aliyewasomesha wanasheria, na msomi angejua jina la mdai wake. Badala yake mdai aliitwa taifa. Jina hilo ni zuri, tena kubwa. Lakini mtu hawezi kwenda nyumbani kwa taifa na kulikuta likipalilia.

Riwaya ilipokuja ilimkuta msomi amekwisha kuwa mtu bila mdai. Kichwamaji ilitoka mwaka 1974, na hapana haja ya kurudia sifa zake. Baada yake riwaya ya Kiswahili haikuweza tena kuwa masimulizi ya safari na maonyo. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi kwao wakati wa likizo, na mwanzoni kabisa mwa kitabu anamwendea Manase, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. Kila kilichoharibika katika kitabu hiki hupita kati ya watu hawa wawili waliosoma. Manase amemharibu Rukia, umbu lake Kazimoto. Kazimoto naye anaishia kumwoa Sabina, umbu lake Manase. Watoto wazaliwa na vichwa vilivyokua kuliko miili. Mwisho Kazimoto ajiua.

Imezoeleka kukisoma kichwa hicho kuwa ni mfano wa elimu iliyovimba juu ya mwili dhaifu wa jamii, na usomaji huo una haki yake. Lakini kichwa hakikui kwa hewa. Kama kimekua kuliko mwili, kimekula cha mwili, na hapo ndipo msomaji aliyelelewa na kitenzi kusomesha anapoulizia mlo huo ulitoka kwa nani. Uzito wote wa riwaya umewekwa katika nafsi ya Kazimoto: anafikiri nini, anaamini nini, kwa nini hawezi kupenda. Wazazi wake ni watu wa kuhurumiwa na wa kushindwa kuelewana nao. Kama wasomeshaji, watu wenye hisa katika akili ile iliyokataa kuishi, hawapewi kiti. Kazimoto anapojiua, swali la riwaya ni kama maisha yana maana. Swali la mzazi wa mlimani lingekuwa jingine, na huenda ni la kutisha zaidi kwa kuwa halina falsafa ndani yake.

Kumlaumu Kezilahabi kwa hilo kungekuwa kukosa adabu. Katika miaka ile Serikali ndiyo iliyokuwa ikilipa gharama za mwanafunzi wa chuo kikuu, na mwandishi aliandika juu ya wakati wake. Msomi aliyesomeshwa na taifa alikuwa na nafasi ya kuwa mpweke kwa sababu deni lake lilikuwa la kila mtu. Lawama, kama ipo, ni ya wahakiki waliouchukua upweke huo kuwa ndiyo hali ya asili ya msomi wa Kiafrika, ilhali ulikuwa hali ya miaka fulani na ya bajeti fulani.

Bajeti hiyo ilibadilika. Katika miaka ya 1990 likaingia neno la kuchangia gharama, na hapa kile kitenzi cha mwaka 1952 chaonekana tena. Kuchanga kulikuwa ni kutoa kwa wengi ili mmoja atumwe. Kikiongezwa kiambishi cha kutendea, kikawa kuchangia na kisha uchangiaji, maana imegeuka: sasa mchangiaji ni mzazi mmoja, naye achangia gharama ya mwanawe mwenyewe, na mwenye shughuli anayesaidiwa ni Serikali. Sauti ya ujamaa imebaki katika neno. Watu wa kuchanga wameondoka. Watunga sera ni nadra kutunga maneno mapya. Huyachukua ya zamani, yenye heshima ya watu, wakayapa kazi nyingine.

Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Hapana asiyejua kuwa bila Bodi hiyo watoto wengi wa Meru na kwingineko wasingeona mlango wa chuo kikuu, na yasemwayo hapa yahusu lugha yake tu. Kiswahili kina azima na kina kopa. Mwenye kuazima hurudisha kitu chenyewe, mathalan jembe. Mwenye kukopa hutumia alichopewa na kurudisha kiasi chake. Katika matumizi ya zamani kopa lilikuwa pia na harufu ya hila, na methali yajulikana na wote: kukopa harusi, kulipa matanga. Hili ndilo neno lililochaguliwa likawa jina la njia kuu ya kwenda chuo kikuu. Wanafunzi wenyewe waliona haraka upande wa harusi, wakaiita posho yao bumu, neno la Kiingereza lenye maana ya neema ya ghafla. Upande wa matanga ulikuja na asilimia: makato ya mshahara yalikuwa 8, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yakayafikisha 15. Kwa miaka kadhaa ilikuwapo pia tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, hadi ilipoondolewa mwaka 2021. Mtu wa kijiji kile cha njaa asingeielewa tozo hiyo hata kidogo. Chakula kilicholiwa hakilindwi thamani.

Ajabu kubwa zaidi iko katika majina ya watu. Kijana anayeanza safari hii huitwa mwombaji. Akipewa, huitwa mnufaika, na ataendelea kuitwa mnufaika hata miaka kumi baadaye, mshahara wake ukikatwa kila mwezi. Kiswahili kina jina la mtu mwenye kudaiwa, nalo ni mdaiwa. Jina hilo huwekwa akiba hadi atakapochelewa kulipa, na hapo hupewa pamoja na nyongeza, akaitwa mdaiwa sugu. Sugu ni ngozi iliyokufa ganzi kwa kusuguliwa na kazi. Waliolichagua neno walikusudia ugumu wa moyo. Lakini katika nyumba nyingi za mlimani sugu iko katika viganja vya mtu mwingine, na mtu huyo katika fomu ameandikwa kwa jina la mdhamini.

Neno hili mdhamini ndilo lenye uzito kuliko yote. Mzazi ambaye Kiswahili cha nyumbani kinampa kitenzi chenye nguvu, amesomesha, kwenye fomu apewa kazi ya kusimama nyuma ya mkopaji asije akatoroka. Anapeleka vyeti, anatafuta mhuri wa serikali ya mtaa, anatia sahihi au dole gumba. Ikiwa mkopo uliotolewa ni sehemu tu ya ada, yeye ndiye atakayejazia sehemu iliyobaki, kwa ng'ombe au kwa kipande cha kiwanja. Na kujazia huko hakuna jina kokote katika karatasi zile. Sentensi ya mkopo ina watu wawili: mkopeshaji na mkopeshwaji. Mtu wa tatu, aliyekuwa mtenda wa sentensi ya kwanza, amekuwa shahidi.

Arusha ina neno la tatu pia, nalo ni ufadhili. Shule ya St Jude ilianza Moshono mwaka 2002 ikiwa na wanafunzi 3, na tangu hapo imewasomesha bila ada watoto wengi wa jamaa maskini kwa michango ya watu wa nchi za nje, baadhi yao hata vyuo vikuu. Na tangu mwaka 2022 Serikali nayo yawafadhili kwa jina la Rais wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika sayansi. Mfadhili si mkopeshaji. Atoa fadhila, na fadhila haina tarehe ya kulipwa, kwa hiyo haina tarehe ya kwisha. Mtoto anayesomeshwa kwa fadhila ana wasomeshaji wawili, mmoja wa mbali mwenye fedha na mmoja wa nyumbani mwenye kumwamsha alfajiri, na lugha ya shukrani huelekea kwa yule wa mbali kwa kuwa ndiye aliyepewa jina.

Vijana wenyewe wamekwisha kubadili hata neno la kutaka. Kijana wa sasa husema kuwa chuo kikuu kikubwa, hasa cha Ulaya au Marekani, ni ndoto yake. Babu yake angesema ni nia, au akikemewa, tamaa. Ndoto kwa babu ilikuwa jambo la usingizini. Humjia mtu, wala haimtaki afanye lo lote ila kuitafutia tafsiri. Nia humtaka mtu ahesabu. Penye nia pana njia, husema wahenga, na njia ina nauli. Juu ya ndoto hawakuahidi njia. Adam Shafi, katika Mbali na Nyumbani iliyotoka mwaka 2013, amesimulia habari ya kijana wa Unguja aliyetoka kwao kuitafuta Ulaya na masomo yake kwa kupita nchi kavu kuelekea kaskazini, na kitabu hicho ni cha nia toka mwanzo hadi mwisho: kila kituo kina bei yake, na kijana huyo huilipa kwa miguu, kwa njaa na kwa hisani ya watu asiowajua. Hapa mlipaji yuko katika kila ukurasa. Lakini ni yeye mwenyewe, tena ameiacha nyumba nyuma. Nyumba inayolipa bado haijaandikwa kwa nguvu kama hiyo.

Mahali pa kuiandikia papo, na kitenzi chake kipo. Ni kusomeshana. Katika jamaa nyingi za Themi na za mlimani mtoto wa kwanza akimaliza chuo humsomesha wa pili, na wa pili akamsomesha wa tatu, na kiambishi kile cha kutendana chasema kweli kwa nusu tu, maana wa tatu hamsomeshi wa kwanza. Deni lashuka, halirudi juu. Mhakiki atazitafuta sana riwaya ambazo jambo hili ni uti wa mgongo wake, ingawa kila mwalimu wa chuo kikuu analijua kwa kuwasikiliza wanafunzi wake. Hapo pana mchezo mkali kuliko upweke wa Kazimoto: dada aliyeahirisha kuolewa hadi mdogo wake amalize, kaka ambaye alitaka udaktari akasomea ualimu kwa kuwa ajira ingekuja upesi, mzazi achaguaye ni nani kati ya wawili atakayetangulia, kwa kuwa kiwanja ni kimoja.

Dada huyo, akiwa mwajiriwa, hupata mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara. Makato ya Bodi yameandikwa humo kwa tarakimu, asilimia 15, na salio la deni laweza kujulikana. Fedha anayoipeleka mlimani jioni ile ile kwa ajili ya ada ya mdogo wake haimo katika karatasi yo yote, wala salio lake halijulikani. Huipeleka kwa simu, kisha huandika ujumbe mfupi wa kumwarifu mama. Katika ujumbe huo haandiki kuwa amelipa, wala kuwa amerejesha. Huandika kuwa ametuma.